Visanduku Viwili na Hodi Moja

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza kuwa Mkuu wa Mitambo. Bado hawajaniambia. Ni suala la siku tu.

Mzee Grisi anastaafu Ijumaa. Ameshika cheo hicho tangu kinu chetu cha unga kilipokuwa na paa moja lililovuja. Anaacha chumba chenye dirisha, mlango wenye ufunguo wake, na kiti kinachozunguka. Nilikikalia kiti hicho asubuhi alipokwenda kunywa chai. Kinazunguka pande zote mbili, bila kelele. Niliinuka kwa shida, kama mtu anayeondolewa kwenye haki yake.

Wagombea ni wawili. Mimi, msimamizi wa mizani ya stoo. Na Mwanyumba, wa ofisi ya uzani ghorofani. Namwita Mwanyumba kwa kuwa ndivyo alivyo: mimi nimemwoa dada mtu, yeye kamwoa mdogo mtu. Mimi nilioa kwanza. Mimi niliajiriwa kwanza. Hata mvi niliota kwanza. Dunia ingekuwa na haki, mkutano usingehitajika.

Mama Meneja kaitisha mkutano. Waya wa zamani uliopita chini ya ua, kutoka mizani hadi ofisini, umesagwa na malori. Kwa hiyo vimenunuliwa visanduku viwili, kila kimoja ukubwa wa kipande cha sabuni. Kimoja kinafungwa kwenye mizani, kingine ofisini. Mizani ikisoma kilo, kisanduku changu kinazipokea kwa waya, kinazirusha kwenye mtandao wa kiwanda, na kisanduku cha Mwanyumba kinazidaka na kuziingiza kwenye kompyuta yake. Kila mtu aweke mipangilio ya kisanduku chake, tushirikiane, na atakayeonyesha kichwa kilichotulia ndiye atakayerithi chumba cha Mzee Grisi.

Tushirikiane! Mwanyumba akanipa mkono mbele ya watu wote, akasema, "Kaka mkubwa, tutaongea." Kaka mkubwa nimelisikia. Tutaongea nimelisikia pia. Hakusema nani ataanza.

Jumanne, 4 Machi

Nimekisoma kijitabu cha maelezo mpaka jalada la nyuma. Wengine wanabahatisha. Mimi husoma. Ndiyo maana wananiita Bwana Kanuni, nao hudhani wananitania.

Kisanduku kina hali kadhaa za kusafirisha data. Ukikiweka katika hali ya seva, kinakaa kwake, mlango wazi, kikingoja mwenzake aje kubisha hodi. Ukikiweka katika hali ya mteja, kinajitoa, kinakwenda mpaka kwenye anwani ya mwenzake na kubisha hodi chenyewe. Wakishakaribishana, data hupita kwenda na kurudi bila tatizo. Kijitabu kinasisitiza kwamba wakishaungana, aliyebisha na aliyebishiwa ni sawasawa.

Aliyeandika kijitabu hiki hana wadogo. Sawasawa tangu lini? Mdogo ndiye anayekuja. Anabisha, anaamkia, anaketi anapoonyeshwa. Nikachagua seva. Nikahifadhi. Taa ya kijani ikawaka na kutulia, kwa heshima zote.

Mtunza stoo akapandisha gunia. Mizani ikasoma. Ghorofani, kimya. Akapandisha jingine. Kimya. Malori yakajipanga mpaka nje ya lango. Dereva mmoja akachungulia akauliza kama tumefiwa.

Mzee Grisi alikuja kutazama taa yangu, akapanda ngazi kutazama ya Mwanyumba, akashuka akihema. Kumbe naye kaweka seva! Mzee akasema wote wawili tumekaa barazani tunangoja mgeni, na mgeni ni sisi. Akauliza kwa nini mmoja wetu asiwe mteja yaishe. Nikamjibu kwa adabu kwamba swali hilo lipelekwe juu. Akasema ametoka nalo huko, na huko wamemwambia alilete chini.

Hoja ya Mwanyumba ni kwamba mizani ndiyo huripoti ofisini, si ofisi kuripoti kwenye mizani. Ngazi ile imempandisha kiburi.

Siku nzima mtunza stoo alisimama uani akipaza sauti kutaja kilo, na karani akaziandika kwa mkono dirishani. Jioni sauti ya mtunza stoo ilikuwa imekauka kabisa.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Alikuwa akikata vitunguu. Akauliza kama nina namba ya simu ya Mwanyumba. Ninayo. Akauliza kama simu yangu ni nzima. Ni nzima. Basi nipige, tukubaliane nani aanze. Nikamfafanulia suala la ukubwa na udogo tangu mwanzo. Akauliza anayekwenda kubisha hodi ni mimi au kisanduku. Nikasema ni kisanduku, lakini ni kisanduku changu. Vitunguu vilikatwa vidogo kuliko vilivyohitajika.

Jumatano, 5 Machi

Akili! Hali ya kisanduku haionekani kwa macho. Mtu anaweza kukubali kushindwa na asijulikane.

Kwa hiyo leo niliwahi kazini kabla ya mtu yeyote, nikafungua ukurasa wa mipangilio, nikaweka mteja. Nikaandika anwani ya kisanduku cha Mwanyumba na namba ya mlango wake. Vidole vilikuwa vizito, kama mtu anayesaini talaka. Mipango yangu: kila kitu kifanye kazi, watu washangilie, na nikiulizwa nani kaanza, nikohoe.

Taa ikaanza kupepesa. Inabisha. Inabisha. Inabisha. Hakuna karibu.

Mzee Grisi alipanda ngazi tena. Safari hii hakushuka akihema, alishuka akicheka, kashika mbavu. Mwanyumba naye alikuwa amewahi kazini. Naye kaweka mteja, kwa siri. Visanduku vyote viwili vimetoka, kila kimoja kiko mlangoni kwa mwenzake, na majumbani hakuna mtu wa kuitikia. Mzee alituuliza kwa sauti, ili ua mzima usikie, kwamba sisi si tumeoa nyumba moja, tulipishanaje mlangoni siku ya kuposa? Wapakuzi walikaa chini kabisa. Mtunza stoo hana sauti, kwa hiyo alicheka bila sauti. Hicho ndicho kicheko kibaya kuliko vyote.

Nikapiga hesabu. Yeye sasa ni mteja. Nikirudi seva, yeye ndiye atakayekuwa amekuja kwangu. Ushindi safi! Nikarudi seva upesi. Kimya. Mtu yule kapiga hesabu ileile, karudi seva. Nikasubiri achoke. Akasubiri nichoke. Nikaghairi, nikaweka mteja. Akaghairi, akaweka mteja. Ndivyo tulivyoshinda, kama watu wawili wanaokutana kwenye ujia mwembamba, huyu akienda kushoto na yule yuko kushoto. Hajui hata kukosea peke yake. Lazima anifuate.

Mama Meneja alishuka kabla ya kufunga. Kesho wanunuzi wetu wakubwa wanakuja kututembelea. Mizani isiposema kesho, alisema, watakaonyamaza ni sisi.

Nyumbani balaa jingine. Mke wangu na mdogo wake wamepigiana simu. Kila mmoja alikuwa amemshawishi wa kwake akubali, na kila mmoja alikuwa na furaha mpaka walipolinganisha. Nilimkuta akipanga nguo kwenye mfuko. Mfuko wenyewe si mkubwa. Anakwenda kwa mdogo wake, alisema, mpaka mimi na Mwanyumba tutakapozungumza kama watu waliolelewa. "Ukiwa tayari, piga simu." Nikamwambia kwamba anayeondoka ndiye anayepiga simu, kusema kafika. Akasema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Akafunga mlango taratibu. Ningependelea aubamize.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya utukufu wangu, nayo imeibiwa.

Ipo hali nyingine. Nilikuwa nimeiruka kwa sababu ilikuwa fupi. Katika hali hii kisanduku hakibishi hodi wala hakikaribishi. Kinatangaza tu. Kinarusha data mtandaoni kama mpiga mbiu, na mwenye masikio na asikie. Hakiulizi kama umesikia. Hakisubiri jibu. Nilipousoma ukurasa ule nilihisi kama mtu aliyeonyeshwa picha yake.

Kijitabu kinaruhusu kutangaza kwa anwani moja au kwa wote. Anwani moja ingekuwa ya Mwanyumba, na kumpelekea yeye peke yake kungefanana na salamu. Nikaweka kwa wote. Akitaka kilo zangu, atege kisanduku chake kisikilize kama wengine.

Wengine ndio sikuwafikiria.

Katika ukumbi wa wageni pana ubao wa tarakimu nyekundu. Huonyesha idadi ya magunia ya siku, wageni wapate kustaajabu. Ubao huo una kisanduku chake, kwenye mtandao uleule, nacho kimetegwa kusikiliza. Chini ya ubao walikaa wanunuzi wakubwa na vikombe vya chai. Mbele yao gunia la maonyesho, limepigwa chapa ya kilo hamsini. Mama Meneja alikuwa anazungumzia uaminifu. Nasimulia kama nilivyosimuliwa na mhudumu wa chai.

Ubao ukaandika 47.2.

Halafu sifuri. Halafu 46.9. Sifuri. Halafu 47.4. Ukumbi ule una dirisha la kioo linalotazama stoo, na wanunuzi wana macho. Gunia likipanda, namba inakuja. Gunia likishuka, sifuri. Mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani aliivaa miwani, akaweka kikombe chini, akahamisha kiti chake ili aone vizuri zaidi.

Niseme wazi, kwa kuwa hapa naandika peke yangu. Kila mtu katika kinu hiki anajua kwamba magunia ni mepesi. Kompyuta ya ofisi ya uzani ina kitu kinachoitwa rekebisho. Kilo zinapanda ghorofani zikiwa pungufu, zinatoka kwenye karatasi zikiwa kamili. Hiyo ni kazi ya Mwanyumba. Kazi yangu ni mizani iseme kweli. Wanachoifanyia kweli ikishapanda ngazi hakijapata kunihusu.

Nilisikia kelele ukumbini. Nikajua ni makofi. Nikafuta mikono, nikafunga kifungo cha juu cha shati, nikaingia. Kabla hata sijaulizwa nikasema kwamba ni mimi, kisanduku ni changu, na kuanzia leo kilo zitasikika kila kona ya kiwanda bila mtu kubisha hodi kwa mtu.

Yule mama mwenye miwani akainuka akanipa mkono. Hakuna mwingine aliyenipa.

Mama Meneja aliniambia, kwa sauti ndogo sana, nikizime. Nikamweleza kwamba tatizo si kuzima, tatizo ni kuchagua hali. Akauliza hali gani. Nikaanza na seva. Nilipofika kwenye mteja akasema, "Bwana Kanuni, nyamaza." Wageni walikuwa wanaondoka. Chai ilibaki vikombeni.

Niko nyumbani. Kimya. Nimetazama simu kama ina chaji. Inayo.

Ijumaa, 7 Machi

Wamempa.

Wamempa Mwanyumba chumba, dirisha, ufunguo na kiti. Mama Meneja alimsifu kwamba ni kijana msikivu. Kijana! Ana kipara kinachoakisi taa.

Na sikiliza dhuluma yenyewe ilivyo. Jana nilipoondolewa kwenye mizani, Mwanyumba alishuka mwenyewe. Kisanduku changu akakiweka seva. Chake akakiweka mteja. Maana yake yeye ndiye aliyebisha hodi! Kaja kwangu, kama nilivyotaka tangu Jumanne! Kilo zikapita mara moja, rekebisho likaendelea na kazi yake, karatasi zikatoka kamili. Kwa haki nimeshinda. Nilimwambia Mama Meneja hivyo mbele ya keki ya kumuaga Mzee Grisi. Akaomba mtu anipe kipande cha keki.

Wanunuzi wawili wamevunja mkataba. Wapakuzi wa zamu ya usiku wameambiwa wakae nyumbani mpaka watakapoitwa. Waliponipita uani hawakunitania. Walinipita tu. Sijui wananilaumu kwa lipi. Sikuongeza gramu, sikupunguza gramu.

Mimi napelekwa kwenye chumba cha pumba. Hakuna mtandao huko. Kuna vumbi na koleo.

Isipokuwa kwa jambo moja. Mkuu mpya anahitaji naibu, na Mama Meneja kamwachia apendekeze jina. Mwanyumba alinifuata karibu na bomba la maji. Alisema hajisikii vizuri kunipeleka kwenye pumba, dada mtu na mdogo mtu wanalia nyumbani kwake, na watoto wake wanauliza kwa nini mama mkubwa analala sebuleni. Atazungumza na Mama Meneja. Akikubaliwa atanipigia Jumapili, kabla ya saa sita mchana, nami niseme ndiyo au hapana. Asipopata jibu mpaka saa hiyo, atamchukua fundi wa mashine za kufungia magunia. "Nitakupigia mwenyewe, kaka mkubwa. Wewe pokea tu."

Nitakupigia. Kasema yeye! Hatimaye amejua nani aanze. Malezi huchelewa lakini hufika.

Mzee Grisi alinikabidhi kitambaa chake cha kufutia mikono kama urithi. Kisha akaninong'oneza nipokee simu. Kana kwamba sijui simu inavyopokewa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefua shati. Nimekula mkate mkavu, nimesimama.

Nimetunga jibu. Kwanza nitakataa, kwa upole. Ataomba. Nitasema nitafikiri. Ataomba tena. Nitakubali kwa ajili ya familia, kwa sharti kwamba kisanduku cha mizani kisiguswe bila idhini yangu, na mlango wa naibu uwe na ufunguo wake. Nimelisema mbele ya kioo mpaka likalainika.

Mke wangu hajapiga. Namjua. Anangoja nipige mimi. Atangoja sana.

Kitanda ni kikubwa kuliko nilivyokumbuka.

Jumapili, 9 Machi

Simu iliita asubuhi, nikiwa nimeketi mbele yake na shati limepigwa pasi. Jina: Mwanyumba.

Sikuikurupukia. Mtu mzima hairukii simu kama paka kaona samaki. Angejua nilikuwa nangoja, na anayengoja hana bei. Nikaiacha iite. Ikaita, ikaita, ikanyamaza. Vizuri. Sasa anajua kwamba nina shughuli.

Nikanywa maji. Nikarudia jibu langu, lile la kukataa kwa upole.

Ikaita tena. Safari hii jina la mke wangu. Mkono ulikwenda wenyewe, naandika ukweli, ulifika mpaka kwenye kitufe. Kisha nikang'amua. Wako nyumba moja! Wamekaa meza moja, yeye na Mwanyumba na mdogo mtu, wanatumia simu yake ili nilainike. Nipokee kwa mapenzi, nijikute nimejibu kikazi. Nikaurudisha mkono. Ikaita muda mrefu kuliko ya kwanza. Nilidhani haitanyamaza. Ikanyamaza.

Ukaja ujumbe. Umeandikwa na mke wangu, maana hana tabia ya kuweka nukta. Unasema wote wawili wamepiga, sasa ni zamu yangu, na fundi wa mashine za kufungia yuko mlangoni kwao anasubiri kuambiwa, tafadhali mume wangu.

Nimeusoma mara kadhaa. Hilo la tafadhali ni zuri. Lakini zamu yangu kivipi? Nikipiga sasa, kumbukumbu ya simu itaonyesha kwamba nimepiga mimi. Miaka ijayo Mwanyumba atakaa kwenye kile kiti, atazunguka upande huu na upande ule, na kumwambia kila mgeni kwamba kaka mkubwa ndiye aliyempigia.

Saa sita imepita. Jua limehama kutoka mezani kwenda ukutani. Nimeongeza sauti ya mlio mpaka mwisho. Nimeiweka simu katikati ya meza, na mlango wa mbele nimeuacha wazi, wasije wakasema nilijifungia.

Adabu ya hodi ni mara tatu. Wamebisha mbili.

Nangoja ya tatu.